Je, Uvutano Huikatiza Sheria ya Kwanta? Mjadala

Hoja iliyo mbele ya msomaji ni hii: kwamba sheria ya kwanta, ambayo tangu miaka ya 1925 na 1926 imeitawala elimu ya atomu na kila jaribio la maabara likaishuhudia, huenda isiwe sheria kamili kwa vitu vizito, na kwamba kinachoikatiza ni uvutano, ule ule unaoyajaza maji ya Kilindini siku za bamvua na kuyatoa hata miamba ikabaki wazi. Ni hoja iliyowashughulisha wanazuoni wakubwa kwa zaidi ya nusu karne, na wala haiko mbali na pwani yetu kama wengi wanavyodhani, kwa kuwa mmoja katika milango ya mas'ala haya ulifunguliwa kutoka bahari ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Ili kila upande upate haki yake, nimeziweka hoja hizi katika vinywa vya wasemaji watatu wa bara ya Mombasa, niliowatunga kwa ajili ya mjadala huu: Maalim wa Kisauni, aliyesomesha fizikia mpaka akastaafu, Fundi wa Changamwe, ambaye kazi yake ni kusahihisha mizani, na Binti wa Likoni, mwanafunzi wa chuo kikuu. Ama majina ya wanazuoni, miaka na vipimo watakavyovitaja, hivyo ni vya kweli.

MAALIM: Tuanze kwa kulibainisha jambo lenyewe, maana mjadala ambao wasemaji hawakukubaliana juu ya kinachojadiliwa hauna mwisho. Sheria ya kwanta, kama alivyoiandika Schrödinger mwaka 1926, yasema kwamba chembe ambayo haijaguswa na kitu haina mahali pamoja palipo pake peke yake. Hali yake ni wimbi, na wimbi hilo laweza kupita katika mianya miwili kwa wakati mmoja, kisha likakutana na nafsi yake upande wa pili na kuacha alama za milia. Haya si dhana tupu. Mwaka 1999, katika mji wa Vienna, Arndt, Zeilinger na wenzao waliyaonyesha kwa molekuli za atomu 60 za kaboni, na mwaka 2019 yakaonyeshwa huko huko kwa molekuli zenye atomu hadi 2,000, ambazo uzito wake umepita mara 25,000 ya atomu ya hidrojeni. Lakini angalieni kwamba sheria hiyo haikutaja mpaka. Haisemi kwamba ikifika kwenye punje ya mchanga isimame, wala ikifika kwenye feri ya Likoni isimame. Kwa maandishi yake yalivyo, feri iliyojaa watu na magari ingaliweza kuwa kwenye gati ya Likoni na kwenye gati ya kisiwani kwa pamoja, na kila mvukaji wa alfajiri ni shahidi kwamba jambo hilo halijapata kutokea. Basi suala letu ni moja: ni kitu gani kinachouzuia uwezekano huo?

BINTI: Shikamoo Maalim, shikamoo Bwana Fundi. Kwa idhini yenu, nasema kinachouzuia ni uvutano, na nitatoa hujja kabla ya kutoa majina. Einstein alitufundisha mwaka 1915 kwamba kila chenye uzito huukunja mwendo wa wakati ulio kando yake, hata saa iliyo karibu na uzito ikaenda polepole kuliko iliyo mbali nao. Hili nalo limepimwa: mwaka 2022 wanazuoni wa Colorado, kwa saa za atomu za strontiamu, waliiona tofauti ya mwendo wa wakati ndani ya kimo cha milimita moja tu. Sasa ichukueni punje ya vumbi, muiweke mahali pawili kwa pamoja kama kwanta inavyoruhusu. Punje ikiwa hapa, wakati umekunjika namna hii. Ikiwa pale, umekunjika namna ile. Lakini mlinganyo wa Schrödinger wahitaji wakati mmoja wa kuhesabia mwendo wa wimbi zima. Ni wakati wa upande upi? Roger Penrose, katika makala yake ya mwaka 1996, alijibu kwamba swali hilo halina jawabu, na kwamba kwa sababu halina jawabu, hali hiyo ya kuwa pawili haiwezi kudumu: sharti iporomoke yenyewe, punje ibaki upande mmoja. Na kabla yake, Károlyházy wa Hungaria alikuwa ameishika njia hiyo mwaka 1966, akaja Diósi, Mhungaria pia, akaiandikia mlinganyo wake katika miaka ya 1987 na 1989.

FUNDI: Marahaba, binti yangu. Umesema kwa utulivu, nami nitakujibu kwa utulivu. Mimi ni mtu wa vipimo. Anayeniambia kwamba hali fulani haidumu, namuuliza: haidumu kwa muda gani? Jambo lisilo na kadiri, mimi siwezi kulipima, na nisilolipima siwezi kulitia sahihi.

BINTI: Kadiri ipo, Bwana Fundi, na ndiyo iliyonivuta kwenye rai hii. Chukua nishati ya uvutano inayotokana na tofauti ya pande mbili, uigawanye thabiti ya Planck kwayo; utakachokipata ndicho kiasi cha muda. Kwa tone la maji ambalo nusu kipenyo chake ni sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, hesabu hutoa muda wa saa mbili hivi. Likikua mara kumi, likawa na nusu kipenyo cha sehemu moja ya elfu ya milimita, muda huo hupungua mara laki moja, ukawa chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Likikua mara kumi tena, ni kama sehemu moja ya milioni ya sekunde. Ama chembe moja ya kiini cha atomu, muda wake huzidi mamilioni ya miaka. Kwa hivyo atomu ni huru kuwa na mawimbi yake na kila jaribio la atomu litaisadiki sheria ya kwanta, ilhali feri ya Likoni haipewi nafasi ya kuwa pawili hata kwa muda usiohesabika. Kanuni moja, isiyoongezewa kitu cha kubuni, imeeleza yaliyo madogo na yaliyo makubwa kwa pamoja.

FUNDI: Umeniridhisha kwamba hesabu ipo, hujaniridhisha kwamba yahitajika. Kwani tuna sababu nyingine iliyo karibu zaidi. Feri haisafiri katika utupu. Yapigwa na upepo, na mwanga wa jua, na maji, na pumzi za abiria. Kila chembe ya hewa inayoigusa huondoka na habari ya mahali ilipo. Zeh wa Ujerumani alilieleza hili mwaka 1970, na Zurek akaliendeleza kuanzia mwaka 1981: wimbi la kitu kikubwa hufungamana na kila kinachokizunguka, na milia yake hufutika kwa upesi usiokadirika kabla ya uvutano kupata nafasi ya kufanya lolote. Ikiwa hewa na mwanga vyatosha kulieleza jambo, kwa nini tuirekebishe sheria ambayo haijapata kushindwa?

BINTI: Hewa na mwanga huificha milia, Bwana Fundi, haviteui upande. Ukiiandika hesabu ya Zeh na Zurek mpaka mwisho, utakuta pande zote mbili bado zimo katika wimbi kuu, feri ya Likoni na hewa yake, feri ya kisiwani na hewa yake. Kilichopotea ni uwezo wetu wa kuzikutanisha. Hapo ndipo wengine walipolazimika kusema kwamba dunia hugawanyika ikawa dunia nyingi. Mimi naona ni bora kuitafuta sababu ya asili itakayouteua upande mmoja kwa hakika.

MAALIM: Hapa nawaomba nafasi, kwa kuwa Binti ametufikisha kwenye jambo linalotuhusu sisi wa pwani. Mwaka 1986 Ghirardi, aliyesomesha Trieste, pamoja na Rimini na Weber, walipendekeza kwamba mlinganyo wa Schrödinger uongezewe kishindo kidogo: kila chembe, kwa nadra mno, kiasi cha mara moja katika miaka milioni mia tatu, huporomoka ikakaa mahali pamoja. Kwa chembe moja, nadra hiyo ni kama haipo. Kwa kitu chenye chembe zisizo na idadi, kuporomoka hutokea papo hapo. Hawakuutaja uvutano kuwa ndio sababu. Ni Diósi na Penrose waliokijaza kipengele hicho. Lakini tuhuma ya kwamba uvutano unaweza kuivunja sheria ya kwanta ilikuwa imekwisha kutolewa kwa sauti kubwa katika muongo uliotangulia, na sisi tulikuwa na sehemu yetu ndani yake.

Tarehe 12 Disemba 1970, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, kutoka jukwaa la San Marco, ambalo Waitaliano walilisimamisha kwa miguu ya chuma katika bahari ya Ngomeni ili roketi zao zipate faida ya kuwa karibu na ikweta, ilirushwa setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru kwa heshima ya siku hiyo. Ilikuwa ya kwanza kutumwa mbinguni kwa kazi moja tu ya kuzitazama nyota kwa miale ya eksirei. Kwa setilaiti hiyo Riccardo Giacconi na wenzake waliona kwamba miale ya chanzo kiitwacho Cygnus X-1 hubadilika kwa upesi wa ajabu, jambo lililoonyesha kwamba inatoka kwenye kitu kidogo mno. Na wanafalaki walipoupima uzito wake, kikawa ndilo shimo jeusi la kwanza kukubaliwa na wengi. Sasa, mwaka 1974 Stephen Hawking alionyesha kwamba shimo jeusi sharti litoe nururisho na kupungua, na mwaka 1976 akasema kwamba likimalizika, habari za yote yaliyotumbukia humo hupotea kabisa. Sheria ya kwanta hairuhusu habari kupotea. Hawking mwenyewe aliiacha rai hiyo mwaka 2004. Penrose, aliyepewa tuzo ya Nobel ya mwaka 2020 kwa kazi yake juu ya mashimo meusi, hakuiacha. Kwa hivyo tusiseme kwamba Binti ameleta jambo geni. Ameleta kesi ya zamani kutoka kwenye nyota na kuiweka juu ya punje ya vumbi, ambako mkono wa mwanadamu waweza kuifikia.

FUNDI: Nimefurahi kwamba umeileta mahali mkono unapofika, Maalim, kwa sababu mkono umekwisha kunyooshwa. Chini ya mlima wa Gran Sasso, katika Italia, kuna maabara iliyofunikwa na mwamba wa mita 1,400, ambako miale ya kutoka angani haifiki ila kwa uchache mno. Mantiki ya jaribio la wanazuoni wa huko ni sahili: ikiwa chembe zenye umeme hushtuliwa kila mara zinapoporomoka, basi sharti zitoe nururisho hafifu. Wakaweka kipande cha germaniamu safi, wakakizungushia shaba na risasi, wakahesabu miale kwa subira. Mwaka 2020 walitangaza matokeo yao, nayo ni kwamba nururisho lililotarajiwa na sura sahili ya nadharia hii halikuonekana. Na katika majina ya waliotia sahihi limo jina la Diósi mwenyewe. Mtu anayeshiriki katika jaribio linaloweza kuiangusha rai yake, kisha akatia mkono wake chini ya hukumu, huyo namvulia kofia. Lakini hukumu ni hukumu, binti yangu.

BINTI: Nami naipokea hukumu hiyo, Bwana Fundi, kwa kadiri yake. Iliyoanguka ni sura moja, ile inayoukadiria upana wa chembe kutoka kwenye chembe zenyewe bila ya kuacha nafasi ya kipimo huru. Sura ya Diósi yenye upana mkubwa zaidi bado imesimama. Ama Penrose, yeye alitoa muda wa kuporomoka, hakueleza namna chembe inavyoshtuliwa njiani, kwa hivyo nururisho si sharti la hoja yake. Sisemi haya ili kukimbia. Nasema ili tujue ni lipi lililopimwa na ni lipi ambalo halijapimwa.

MAALIM: Na yako njia ya tatu ambayo hatujaitaja, nayo ni kwamba huenda uvutano usiikatize kwanta, bali wenyewe ni mtiifu kwa sheria hiyo hiyo. Tumeona tayari kwamba hivyo viwili vyaweza kukaa pamoja. Mwaka 1975 Colella, Overhauser na Werner waliligawa wimbi la nyutroni katika njia mbili, moja juu na moja chini, na uvutano wa dunia ukalichelewesha wimbi kwa kadiri ile ile iliyobashiriwa na mlinganyo wa Schrödinger. Lakini hapo uvutano ulikuwa wa dunia nzima, na nyutroni ilikuwa yenye kuvutwa. Swali letu ni la kinyume: kitu kilicho mahali pawili, uvutano kinaoutoa chenyewe huwaje? Mwaka 2017 Sougato Bose na wenzake, na kwa upande wao Marletto na Vedral, walipendekeza jaribio: chukua punje mbili ndogo, kila moja uiweke pawili kwa pamoja, uziache zivutane kwa uzito wao peke yake. Zikitoka zimefungamana kwa namna ambayo kwanta pekee hufungamanisha, basi uvutano nao ni wa kwanta, na rai ya Binti itakuwa imedhoofika sana. Zikitoka hazikufungamana, ijapokuwa hesabu yasema zilipaswa, basi Binti na Penrose watakuwa wamepata ushahidi ambao hawajapata kuwa nao. Na yuko Oppenheim wa London, aliyechapisha mwaka 2023 nadharia ambamo uvutano haufuati kwanta hata kidogo, bali una bahati nasibu yake wenyewe, na kwamba uzito wa kitu, ukipimwa kwa usahihi wa kutosha, utaonekana ukiyumba.

FUNDI: Hapo umenigusa katika kazi yangu, Maalim, na sharti niseme kwa insafu. Mizani ya malori inapoletwa kwangu, naipakia mawe yenye uzito unaojulikana, moja baada ya jingine, na cheti ninachokiandika hakivuki jiwe zito kabisa nililolipakia. Mwenye mizani akiniambia, “Andika kwamba ni sahihi hata kwa mzigo mara elfu ya huo,” sitaandika, hata kama mizani hiyo haijapata kukosea maisha yake yote. Sasa tazameni. Kitu kizito kabisa kilichokuwa kimeonyesha milia yake huko Vienna hadi mwaka 2019 kilikuwa molekuli ya mara 25,000 ya hidrojeni. Lile tone la maji la Binti, lenye nusu kipenyo cha sehemu moja ya elfu ya milimita, ni zito kuliko molekuli hiyo kwa kiasi cha mara milioni mia moja. Na kwa upande wa pili, kitu chepesi kabisa ambacho wanazuoni wa Vienna waliupima uvutano wake mwaka 2021 kilikuwa tufe la dhahabu la miligramu 90, zito mno kupita tone hilo. Katikati ya molekuli ile na tufe lile kuna nafasi kubwa ambayo hakuna jiwe lililopakiwa. Nilipoanza nilisema sheria ya kwanta haijapata kushindwa, na maneno hayo ni kweli. Lakini kwa desturi ya kazi yangu, kutoshindwa kwake kwenye mawe mepesi si cheti cha mawe mazito.

BINTI: Nashukuru, Bwana Fundi. Na desturi hiyo hiyo yanifunga mimi pia, kwa sababu mizani isiyopimwa haina cheti cha usahihi, lakini vilevile hakuna mwenye haki ya kuitangaza kuwa mbovu. Nilisema kinachouzuia uwezekano ni uvutano. Nitasema sasa kwamba uvutano ndio mshukiwa aliye na sababu nzuri zaidi, na kwamba naomba kesi yake isikizwe.

MAALIM: Na mimi nitaongeza neno moja. Anayeshitaki sheria iliyothibiti kwa karibu karne nzima, juu yake ndiko uliko mzigo wa ithibati. Lakini anayeilinda naye asiwazuie watu kwenda kupima.

Hukumu ya mwandishi ni kama ifuatavyo. Hoja kwamba uvutano huikatiza sheria ya kwanta haijathibiti, na sura yake iliyo sahili kabisa imekwisha kukanushwa chini ya Gran Sasso. Kwa hivyo asije mtu akaifundisha kama jambo lililokwisha. Lakini hoja ya kinyume, kwamba sheria ya kwanta yatawala vitu vya kila uzito bila ya mpaka, nayo haijathibiti, kwa kuwa baina ya molekuli ya Vienna na tufe la dhahabu ipo nafasi kubwa isiyopimwa. Na mwenye kuifundisha kama yakini amekwenda mbele ya dalili zake. Hili ni miongoni mwa mas'ala machache makubwa ya fizikia yaliyo wazi kwa pande zote, yenye kadiri zinazojulikana, na yanayotazamiwa kukatwa kwa vyombo vya kukaa ndani ya chumba kimoja badala ya mitambo ya kuzunguka mji mzima.

Wala tusidhani kwamba chumba hicho lazima kiwe ughaibuni daima. Abdus Salam wa Pakistani aliasisi kituo cha fizikia cha Trieste mwaka 1964 kwa kuwa aliona ni dhulma vijana wa nchi maskini kulazimika kuchagua kati ya elimu na nchi zao. Na mwaka 2018 kituo hicho, pamoja na Chuo Kikuu cha Rwanda, kilifungua tawi la Afrika Mashariki mjini Kigali, ambako shahada za uzamili na uzamivu katika fizikia ya msingi hutolewa. Kutoka Mombasa, Kigali ni karibu kuliko Trieste. Basi nawaomba walimu wa fizikia wa Likoni, Kisauni na Changamwe, wanapofika kwenye somo la uvutano na lile la atomu, wasiyafunge masomo hayo kana kwamba yamekamilika, bali wawaambie wanafunzi wao waziwazi kwamba uvutano wa kitu kilicho mahali pawili kwa pamoja haujapimwa na yeyote, na kwamba atakayepima anaweza kuwa mmoja wao.